Klachi inateleza, oili imekuwa maziwa, injini inachemsha: anza na chupa

Pikipiki ikianza kusumbua siku mbili tatu baada ya kumwaga oili, usikimbilie duka la spea. Uliza kwanza: imewekwa oili gani, na chupa yake iko wapi? Ndiyo maana chupa tupu haitupwi hadi sevisi inayofuata. Kuna klachi pleti nyingi zinazofunguliwa na kutupwa zikiwa nzima, kumbe kosa lilikuwa oili ya gari iliyonunuliwa kwa sababu ilipungua bei kidogo.

Pikipiki ina masharti ambayo gari halina. Boxer, TVS HLX, Sanlg, Haojue na wenzao wa bodaboda hubeba lita moja hivi ya oili, na lita hiyo moja ina kazi tatu: inalainisha pistoni na krenki, inalainisha meno ya gia, na inaloanisha pleti za klachi. Gari dogo la gia za mkono lina oili ya injini kwake, oili ya gia kwake, na klachi yake ni kavu. Kwa hiyo utelezi unaosifiwa kwenye gari ndio huohuo unaoiua klachi ya pikipiki. Isitoshe, nyingi ya injini hizi hazina maji. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na oili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto lililobaki. Lita ikipungua ikawa nusu, si ulainishaji tu uliopungua, hata upoaji umepungua.

Chupa inasema nini

Mgongoni mwa chupa tafuta maandishi matatu.

La kwanza ni SAE, yaani uzito. Kwenye 20W-50, namba iliyo kabla ya W inaeleza oili itakavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili inaeleza uzito wake ikifika nyuzi 100. Kwa pikipiki zinazopozwa na upepo zinazopiga kazi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, 20W-50 ndiyo iliyozoeleka na mara nyingi ndiyo inayotajwa na kitabu chake cha maelekezo. Makete au Njombe, ambako asubuhi kiki inakuwa ngumu kwa baridi, 10W-40 inafika juu kwenye valvu haraka zaidi, mradi kitabu kimeiruhusu. Kuna injini mpya zilizotengenezwa kwa 10W-30. Hizo ukizipa 50 kwa mazoea zinakuwa nzito bila faida yoyote.

La pili ni API, herufi mbili zinazoanza na S kwa injini za petroli: SJ, SL, SM, SN. Herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. Kitabu kikisema SL, basi SL au ya mbele yake inatosha.

La tatu ndilo watu wengi hawalisomi, nalo ndilo linaloamua. Ni JASO, kiwango cha Japani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki. MA, MA1 na MA2 ni za klachi inayolowa oili, na MA2 ndiyo inayoshika pleti vizuri zaidi. MB ni ya skuta zenye mkanda, ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Ukitia MB kwenye Boxer umejitafutia utelezi. Alama halisi ya JASO ni kiboksi chenye namba ya usajili juu na herufi MA au MA2 chini yake. Neno «MA2» lililoandikwa tu katikati ya sifa nyingine halina uzito uleule.

Halafu kuna alama ya duara ya API. Ikiwa nusu ya chini ya duara imeandikwa «Energy Conserving» au «Resource Conserving», chupa hiyo irudishe kwenye rafu. Ina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Utaziona hasa kwenye 5W-20, 5W-30 na 10W-30 za magari. Oili ya gari ya 20W-50 kwa kawaida haina maneno hayo, ndiyo sababu wapo wanaoitumia mwaka mzima na klachi haijateleza. Lakini hakuna aliyeipima kwa klachi yako, na bei yake haipishani sana na yenye JASO. Hali ni hiyohiyo kwa 15W-40 ya dizeli. Zipo chupa chache za dizeli zilizoandikwa pia JASO MA, hizo hazina neno. Nyingine ni kubahatisha.

Makosa mawili ya dukani yanayostahili kutajwa. SAE 90 ni oili ya gia za gari, si ya injini. Namba 90 inatisha lakini iko kwenye kipimo kingine, na uzito wake unakaribiana na 40 au 50 ya injini. Tatizo lake ni viungo vya salfa vinavyoshambulia bushi za shaba, na klachi haivipendi. Na oili ya tustroki, ile ya kuchanganya na petroli, imetengenezwa iungue na kuisha. Haiwezi kukaa ndani ya injini ya fostroki kwa kilomita 2,000.

Klachi inateleza

Dalili: unapandisha mlima kwa gia ya tatu au ya nne, ukifungua mafuta injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki. Wakati mwingine kuna harufu kama ya breki zilizoungua.

Anza na waya wa klachi. Mkono wa klachi lazima uwe na uchezaji kabla haujaanza kuvuta. Kwenye pikipiki nyingi za aina ya Honda ncha ya mkono hucheza milimita 10 hadi 20. Waya ukiwa umekaza, klachi inakuwa nusu imebonyezwa muda wote na itateleza hata kwa oili bora duniani. Hilo ni la dakika mbili na spana namba 10.

Waya uko sawa? Sasa angalia tarehe. Utelezi ulioanza ndani ya wiki moja baada ya kubadili oili ni wa oili hadi ithibitike vinginevyo. Utelezi uliokuja polepole kwa miezi ni wa pleti au springi. Ikiwa ni oili, mwaga injini ikiwa ya moto, weka yenye JASO MA2, tembea kilomita 200 hadi 300, kisha mwaga tena na uweke nyingine. Mara mbili, si moja, kwa sababu sehemu ya oili ya zamani hubaki kwenye kava, kwenye mifereji na ndani ya pleti zenyewe. Mara nyingi klachi inarudi kushika. Isiporudi, fungua. Pleti mpya za injini ndogo huwa na unene wa karibu milimita 3. Zipime kwa venia (kipimo cha unene) na ulinganishe na kikomo cha kitabu, pima na urefu wa springi, na tazama pleti za chuma. Zilizogeuka rangi ya bluu zimeungua, hazifai kurudishwa.

Usiongeze kwenye oili chupa zile ndogo za «kuipa injini nguvu». Nyingi ni viungo vya kupunguza msuguano, yaani kitu kilekile ulichokuwa unakikwepa.

Gia ngumu, nyutro haipatikani

Asubuhi gia zinaingia vizuri, lakini mchana jua kali, baada ya kusimama kwenye foleni, nyutro inagoma na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Hii ni alama ya oili iliyochoka. Meno ya gia hukatakata viungo vinavyoipa oili uzito wake ikiwa ya moto, na 50 iliyotoka dukani inageuka kuwa kama 30 baada ya kazi nzito. Oili ya gari haikutengenezwa kwa mateso hayo, kwa hiyo huchoka mapema zaidi.

Pikipiki ya bodaboda inayotembea kilomita 100 hadi 150 kwa siku hufikisha kilomita 2,000 ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kwa oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, lita moja, mzigo na foleni, kilomita 2,000 hadi 2,500 ni wakati wa kumwaga hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Kitabu kinamfikiria mtu mmoja na barabara nzuri. Kwa injini mpya, kumwaga kwa mara ya kwanza ni baada ya kilomita 500 hivi, au kama kitabu kinavyosema, kwa sababu vumbi la chuma ni jingi wakati ringi zinajikalisha.

Gia zikiwa ngumu asubuhi tu, injini ikiwa baridi, na pikipiki ikasogea mbele unapoingiza gia ya kwanza huku umebonyeza klachi, oili ni nzito mno au pleti zimegandana. Iache iungurume dakika moja kabla ya kuondoka.

Moshi: rangi, na wakati unapotoka

Rangi peke yake haitoshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini oili imepitia wapi? Ukitoka pwaa moja unapowasha asubuhi kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka na oili imedondoka usiku kwenye silinda. Ukitoka unaposhuka mlima umefunga mafuta kisha ukafungua tena, ni sili za valvu pia. Ukizidi unapopandisha na mzigo, ni ringi au silinda. Na ukianza siku ileile ya sevisi, ambapo jana haukuwepo, pima kiwango: fundi ametia chupa nzima ya lita moja kwenye injini inayotaka mililita 900. Honda CG125 kwa mfano, pamoja na nakala zake nyingi za Kichina, hutaka lita 0.9 wakati wa kumwaga na lita 1.1 injini ikiwa imefunguliwa yote. Ziada inasukumwa na kupumua kwa injini kupitia mpira wa juu hadi kwenye eya klina. Fungua eya klina. Ukikuta sponji imelowa oili, umepata jibu. Ziada inyonywe kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili.

Moshi mweusi ni petroli nyingi. Hauhusiani na oili, nenda kwenye kabureta. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika mbili ni unyevu tu wa eksozi. Mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, kwa injini yenye rejeta, ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayoungua. Huo umeelezwa chini.

Kupima kiwango bila kujidanganya

Hapa makosa ni mengi kuliko mtu anavyodhani, na mengine yanaleta dalili za uongo. Pikipiki isimame wima kwa stendi kubwa kwenye sakafu iliyonyooka, si stendi ya pembeni. Iungurume dakika 3, izime, subiri dakika 2 au 3. Kwenye kijiti cha aina ya Honda, kifute, kitumbukize bila kukifunga uzi, kisha kitoe usome. Ukikifunga kinazama zaidi na kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Zenye kioo cha kupimia ubavuni, kioo kisomwe pikipiki ikiwa wima, oili iwe kati ya mistari miwili. Bodaboda ipimwe kila wiki.

Kama injini inakula oili bila moshi kuonekana, iweke pikipiki usiku na kipande cha boksi chini yake. Doa likiwa chini ya nati ya kumwagia, wosha (kiringi cha kuziba chini ya nati) imechoka. Likiwa karibu na spoketi ya mbele, sili ya shafti ya gia imekatika, na cheni itakuwa imerushiwa oili nyeusi. Vumbi lililoganda kwa unyevu kuzunguka hedi (kichwa cha silinda) linaonyesha gasketi inayopumua. Bila doa lolote na bila moshi, huku unaongeza zaidi ya mililita 200 kila kilomita 1,000, injini inaichoma kidogokidogo: chomoa plagi utaona masizi yenye mafuta.

Nati ya kumwagia yenyewe ni chanzo cha balaa kubwa. Mwili wa injini ni aluminiamu na uzi wake ni laini. Funga kwa vidole hadi wosha mpya iguse, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana fupi. Mwenye spana ya torki atumie Nm 25 hivi kwa nati ya uzi wa milimita 12. Anayeikaza kwa kupiga teke spana ndiye anayekuja kutafuta mtu wa kuchora uzi upya.

Oili imegeuka maziwa

Rangi ya kahawa yenye maziwa, au povu zito jeupe kwenye kijiti, ni maji. Kwenye injini isiyo na rejeta maji hayo yametoka nje. Njia zake ni tatu: kuoshwa kwa presha ya maji iliyolengwa kwenye kijiti cha oili au mpira wa kupumulia, kuvuka maji ya mafuriko hadi injini ikazama, au safari fupifupi ambazo injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake. Aina ya tatu huacha povu kidogo tu juu ya kijiti, na safari ya nusu saa inaiondoa.

Iliyozama usiiwashe. Usipige kiki hata mara moja kabla ya kuchomoa plagi, kwa sababu maji hayabanwi na konrodi inapinda. Toa plagi, zungusha kwa kiki maji yaruke, mwaga oili, tia oili ya bei nafuu lakini yenye JASO MA, iungurume dakika 5, mwaga. Rudia hadi oili itoke bila weupe. Mara nyingi inachukua duru mbili au tatu. Ndipo uweke oili nzuri.

Tabia ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa iachwe. Haitoki yote, inayobaki inaifanya oili mpya kuwa nyepesi, na uchafu uliokuwa umetulia pembeni unaondoka kwa vipande hadi kwenye tundu la oili la kamshafti. Kama una wasiwasi na uchafu, safisha chujio la wavu na kile kikombe cha kuzunguka kilicho mwisho wa krenki chini ya kava ya klachi. Injini nyingi za aina ya CG hazina filta ya karatasi kabisa. Kikombe hicho ndicho filta, na ndani yake hujaa tope jeusi gumu kama lami. Kikwanguliwe kila kilomita 12,000 hivi.

Kiwango kinapanda chenyewe

Oili haizaliani. Ikiongezeka na ikanuka petroli, sindano ya kabureta haifungi na koki ya mafuta imeachwa wazi usiku. Petroli inapita silinda, inashuka kwenye ringi hadi kwenye oili. Oili hiyo ni nyepesi kama maji ya mboga: haishiki pistoni wala kamshafti. Funga koki, badilisha sindano na kiti chake, mwaga oili. Kuiwasha «ili petroli iungue» ni kuzisaga ringi.

Kelele

Tiki-tiki ya sekunde mbili tatu asubuhi ni oili inayopanda kwenye hedi. Tiki-tiki isiyoisha, injini ikiwa baridi na ya moto, ni tepeti zilizolegea, yaani nafasi ya valvu imezidi. Kwenye CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi, pistoni juu kabisa. Kelele iliyoanza baada ya kubadili oili, hasa kama injini inalia wakati wa joto tu, inaelekea kwenye oili nyepesi mno, au kwenye chupa iliyojazwa tena.

Chupa za kujazwa tena zipo, na ndani yake huwa oili iliyotumika ikachujwa. Chupa ya kweli mara nyingi ina foili chini ya kifuniko, pete ya kifuniko haijakatika, namba ya bechi imechapwa na haifutiki kwa kidole chenye petroli. Kuna jaribio moja la bure. Jaza vichupa viwili vinavyofanana, kimoja oili unayoiamini na kingine ya mashaka ya uzito uleule, acha nafasi ya kiputo, kisha vipindue pamoja. Kiputo kwenye 20W-50 halisi kinapanda kivivu. Kwenye iliyochakachuliwa kinapaa.

Oili kuwa nyeusi si kosa. Kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Kinachotakiwa kuangaliwa wakati wa kumwaga ni vinavyometameta. Pitisha sumaku: vinavyonasa ni chuma cha gia au krenki, visivyonasa vyenye rangi ya fedha ni aluminiamu ya pistoni au mwili wa injini, vya njano ni shaba ya bushi. Unga laini ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida.

Injini inachemsha, na haina rejeta

Hapa hakuna kulanti ya kuchagua, na anayekuuzia «kulanti ya Boxer» anakuuzia maji ya rangi. Safisha mapezi yote, hasa ya mbele ambako tope hukauka kati yake. Pima oili. Chomoa plagi: kauri ikiwa nyeupe kama chokaa, kabureta inatoa petroli kidogo au kuna mpira unaovuta hewa. Halafu mzigo. Usimwagie maji ya baridi injini ya moto, silinda hedi inapinda na mapezi yanapasuka.

Injini inachemsha, na ina rejeta

Hizi ni Pulsar NS200, KTM Duke, na pikipiki za miguu mitatu za mizigo zenye injini ya maji. Swali la kwanza ni inachemsha lini.

Ikichemsha kwenye foleni tu na ikipoa unapotembea, feni haizunguki: fyuzi, swichi ya joto, au mota. Iunge feni moja kwa moja na betri ujue. Ikichemsha kwenye mwendo, feni haihusiki. Kulanti imepungua, rejeta imeziba, thamostati (valvu inayoifungulia kulanti njia ikipata moto) imeganda ikiwa imefungwa, au panga la wota pampu limeliwa. Ukishika hozi ya juu ikawa inaunguza na ya chini iko baridi, thamostati au rejeta ndiyo yenye kesi. Kipimo cha joto kinachoruka juu na kushuka ghafla ni hewa iliyonaswa.

Kulanti inayopungua bila tone chini, itazame injini ikiwa baridi. Fungua kofia ya rejeta, washa, na angalia juu ya maji. Viputo mfululizo vinavyofuata mwendo wa injini ni hedi gasketi. Tone kwenye tundu dogo chini ya wota pampu lina lugha yake: likiwa la kulanti, sili ya maji imekwisha; likiwa la oili, sili ya oili. Tundu hilo liliwekwa makusudi ili vitu hivyo viwili visikutane. Anayeliziba kwa gundi atakuja kukuta maziwa kwenye kijiti cha oili.

Rangi ya kulanti yenyewe inasema mengi. Kahawia ya kutu ni maji ya bomba. Maganda meupe kuzunguka shingo ya rejeta ni chokaa na chumvi ya kisima, tatizo la wengi Dodoma na pwani yote. Utelezi kama jeli ni kulanti mbili zisizopatana zilizochanganywa. Usiamini rangi dukani. Kijani, nyekundu na bluu ni uamuzi wa mtengenezaji, si kiwango. Soma: iwe ya ethilini glaikoli, ya injini za aluminiamu, na isiyo na silikati, kwa kuwa silikati hukwangua sili ya wota pampu.

Watu huuliza glaikoli ya nini kwenye nchi isiyo na barafu. Kwanza ni dawa ya kutu iliyomo. Pili ni kuchemka. Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Kofia ya rejeta yenye bar 1.1 hupandisha kikomo hicho kwa zaidi ya nyuzi 20, na glaikoli nusu kwa nusu inaongeza nyingine. Kofia iliyochoka inapoteza yote hayo. Ni spea ya bei ndogo, ibadilishe kabla ya kugusa hedi gasketi.

Iliyoandikwa tayari kwa matumizi isiongezwe maji. Ya kuchanganya iwe nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Kuwa mwangalifu na neno «maji ya betri»: dukani linaweza kukupatia maji safi au asidi. Soma chupa. Ukizidisha glaikoli kupita asilimia 60 upoaji unashuka, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli.

Kubadilisha ni kila miaka 2. Rejeta ya moto isifunguliwe: subiri hadi uweze kuweka kiganja juu yake. Mwaga, jaza maji yaliyotoneshwa, iungurume hadi hozi ya chini ipate moto, izime ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke safi. Jaza kulanti taratibu, tikisa pikipiki kushoto na kulia, washa ukiwa umeacha kofia wazi, na kila viputo vikitoka na kiwango kikishuka ongeza. Hozi ya chini ikipata moto, thamostati imefunguka. Funga kofia, jaza chupa ya akiba kati ya mistari miwili, na kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tena. Kupungua kidogo mara hiyo ya kwanza ni hewa iliyobaki. Ikipungua tena kesho kutwa, rudi kwenye viputo na lile tundu la wota pampu.

Glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na kuku. Iliyotolewa iwekwe kwenye galoni lenye kifuniko na maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda.